UZI: Kujenga jumuiya ya wazi ya utafiti wa data za afya ya akili. Kipi kifunguliwe, kipi kifungwe, tuanzie wapi?

Mizani (mleta uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa wale wanaotaka kuunganisha kliniki, vyuo, waandishi wa programu na watu wanaoishi na maradhi ya akili wafanye utafiti mmoja, badala ya kila mmoja kukalia jedwali lake la watu 150. Naweka mifupa, nyama tuiweke pamoja.

Sababu ya kwanza ya kuungana ni ya kitakwimu. Athari nyingi katika afya ya akili ni ndogo, na sampuli ndogo haizioni, au inaona zisizokuwepo. Kundi la ENIGMA, muungano wa watafiti wa ubongo ulioanza 2009, lilikusanya sampuli 15 zenye wagonjwa wa sonona 1,728 na watu 7,199 wa kulinganisha nao, ndipo likaweza kuonyesha mwaka 2016 kwamba hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) huwa ndogo kidogo kwa wenye sonona. Kituo chenye watu 60 kikiuliza swali hilo peke yake, jibu litategemea zaidi ni akina nani walioingia mlangoni mwaka huo.

Msimamo wangu ni huu: tufungue maswali, kamusi ya data (maelezo ya kila safuwima na thamani zake), msimbo wa programu, mpango wa uchanganuzi, kumbukumbu za maamuzi na matokeo yote, hata yale yaliyotoka patupu. Tusifungue mstari wa mtu mmoja mmoja, yaani rekodi yake. Neno "wazi" likiachwa bila maelezo, wenye data husikia "tutamwaga mafaili yenu mtandaoni", na hawarudi kwenye kikao cha pili.

Kwa kuanzia napendekeza swali 1, vituo 3, kipimo 1, miezi 6. Mfano wa swali: je, shida ya usingizi katika ziara ya kwanza inatabiri alama ya sonona wiki 12 baadaye? Ni swali dogo, lakini litawalazimisha watu kukubaliana juu ya kila kitu ambacho swali kubwa lingetaka. Tovuti na nembo zingoje.

Karibuni mkosoe.

---

Safuwima

Mkuu, mifupa imekaa vizuri. Mimi nisisitize kamusi ya data, kwa sababu miradi ya namna hii huvunjika hapo kabla takwimu hazijaguswa.

Chukua PHQ-9, hojaji ya dalili za sonona ambayo watu huiona rahisi. Maswali 9, kila moja lina alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27, na huuliza kuhusu wiki 2 zilizopita. Mipaka inayotumika sana ni 5, 10, 15 na 20. Sasa angalia inavyoharibika vituo vitatu vikikutana:

Kituo cha kwanza kimehifadhi majibu kama 1 hadi 4 kwa sababu fomu ilihesabu chaguo kuanzia 1. Jumla yao inakwenda 9 hadi 36. Mtu asiye na dalili hata moja anaonekana ana sonona ya kiwango cha chini, na wastani wa kituo kizima umepanda kwa 9 kamili. Hakuna programu itakayolalamika, kwani namba ni halali kabisa.

Kituo cha pili kinaandika 99 mahali mtu aliporuka swali. Akiruka moja tu, jumla inafika 99 au zaidi, na hilo angalau linaonekana. Lakini wengine huandika 9, na 9 kwenye swali moja hupita kimyakimya: mwenye 6 anakuwa na 15.

Kituo cha tatu kimehifadhi jumla peke yake. Hapo huwezi kukagua kitu, wala kujua walifanya nini na maswali yaliyorukwa.

Kwa hiyo kamusi iandikwe hivi kwa kila safuwima: jina (mfano phq9_03), maneno halisi ya swali katika kila lugha iliyotumika, aina, thamani zinazoruhusiwa, alama ya kukosekana pamoja na sababu yake (alikataa, hakuulizwa, fomu ilipotea), kipimo cha muda, na toleo. Tarehe ziwe za mtindo wa mwaka-mwezi-siku tu. Tarehe 03/04 katika mafaili ya vituo viwili inaweza kuwa siku mbili tofauti kwa mwezi mzima, na wiki 12 zenu zikageuka 8 au 16.

Kisha andikeni msimbo mfupi wa ukaguzi unaosoma kamusi na kukataa faili lisilolingana nayo. Kila kituo kiuendeshe kwake kabla ya lolote. Mistari 100 ya msimbo huo ina faida kuliko mwongozo wa kurasa 40, maana hausubiri mtu ausome.

Jambo jingine ni haki za kipimo. PHQ-9 na GAD-7 (hojaji ya wasiwasi) zinaruhusiwa kunakiliwa, kutafsiriwa na kusambazwa bila kuomba ruhusa. BDI-II, hojaji nyingine ya sonona, ni ya kulipia, na maswali yake huwezi kuyaweka katika hazina ya wazi (ghala la mtandaoni la msimbo na nyaraka). Jumuiya ya wazi ijengwe juu ya vipimo ambavyo mtu yeyote anaweza kuvichukua kesho.

---

Jedwali_la_Pili

Swali la haraka: kwa nini tusifute majina na namba za simu, halafu tukaweka data zote wazi? Ingeondoa kazi yote hiyo ya kupeleka msimbo huku na kule.

---

Kufuli

@Jedwali_la_Pili swali lako ni la msingi, nitalijibu kwa urefu.

Jina ndilo kitambulisho rahisi kuliko vyote kuondoa, na kuliondoa hakutoshi. Mtafiti wa faragha ya data Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta wa tarakimu 5 vinatosha kumtenga mtu mmoja katika takriban 87% ya wakazi wa Marekani. Makadirio ya baadaye yalishuka hadi karibu 63%, lakini hata hayo ni zaidi ya nusu ya watu. Katika data za afya ya akili tunaongeza tarehe za kulazwa, dawa na utambuzi wa ugonjwa. Jirani anayejua kwamba fulani alilazwa mwezi fulani hahitaji utaalamu wowote kumpata.

Makosa ninayotaka yaandikwe ukutani:

Kwanza, kuzungusha namba ya simu kupitia SHA-256 (kanuni ya wazi inayogeuza maandishi kuwa msururu wa herufi na tarakimu) na kuita hiyo "utambulisho umefichwa". Namba yenye tarakimu 9 zinazobadilika ina uwezekano bilioni 1 tu. Kompyuta ya kawaida inazipitia zote kwa dakika chache na kurudisha kila namba ilikotoka. Tumieni HMAC, njia kama hiyo lakini yenye ufunguo wa siri unaobaki kituoni, au bora zaidi, namba ya nasibu yenye jedwali la kuunganisha lililofungiwa mahali pengine.

Pili, safuwima za maandishi huru. "Alikuja na mama yake, mwalimu mkuu wa shule ya…" Hakuna kichujio cha kuaminika kwa asilimia mia. Zisitoke kituoni. Sauti na picha za uso vivyo hivyo.

Tatu, seli ndogo, yaani visanduku vya jedwali vyenye watu wachache. Mkificha seli yenye watu chini ya 5 lakini mkaacha jumla 40 na wanawake 37, mmesema kwamba wanaume ni 3. Ukificha moja, ficha na ya pili itakayozuia kutoa. Thamani ya juu kabisa na ya chini kabisa nazo ni za mtu mmoja. Nukta zilizojitenga kwenye mchoro wa kisanduku pia.

Nne, na hii husahaulika: matoleo mawili ya jedwali lilelile. Leo mmechapisha watu 212, mmoja akaondoa ridhaa, kesho mkachapisha 211. Anayeshika majedwali yote mawili akitoa moja kwa jingine anampata aliyeondoka. Sasisheni kwa vipindi maalumu, na watu kadhaa wakiwa wamebadilika kwa pamoja.

Kuhusu tarehe: tarehe za kila mshiriki zisogezwe kwa idadi ya siku ya nasibu, ileile kwa matukio yake yote, ili nafasi kati ya ziara ibaki sahihi. Ila mkitaka kuchunguza majira ya mwaka, njia hiyo inaua swali lenu. Amueni mapema.

Rekodi ya afya ya akili ikivuja haibadilishwi kama nywila. Mtu anaweza kupoteza kazi, ndoa au malezi ya watoto. Ndiyo maana mimi sitetei "wazi" ya aina hiyo hata ikipunguza kazi.

---

Mwendo_wa_Msimbo

Kufuli amemaliza upande wa hatari, mimi niseme jinsi kazi inavyokwenda bila kuhamisha data. Msimbo husafiri, rekodi hubaki. ENIGMA wanaendesha kazi nyingi hivyo: itifaki moja, kila kituo kinachanganua kwake, matokeo ya jumla yanaunganishwa. Programu ya DataSHIELD hufanya hivyo kwa amri za R (lugha ya programu ya takwimu) zinazokataa kurudisha matokeo ya kumtambulisha mtu. OpenSAFELY, jukwaa la utafiti wa rekodi za afya la Uingereza lililoanza 2020, humfanya mtafiti aandike msimbo juu ya data bandia, kisha unaendeshwa ndani ya mazingira salama huku kumbukumbu ya kila uendeshaji ikiwa hadharani. Huo wa mwisho ni uwazi ninaoupenda sana: umma haioni wagonjwa, ila inaona watafiti walifanya nini.

Kwa vituo 3 hamhitaji mitambo mikubwa. Mashine moja kila kituo, diski iliyosimbwa, RAM ya GB 16 inatosha kwa maelfu ya washiriki wa hojaji. Mwendo ni huu:

1. Mpango wa uchanganuzi unachapishwa na kupewa tarehe kabla ya mtu kuona matokeo.
2. Msimbo unaandikwa na kujaribiwa kwa data bandia.
3. Toleo linapewa lebo na kufungwa ndani ya kontena (kifurushi kinachoendeshwa vilevile kwenye kila mashine) lenye matoleo maalumu ya R na vifurushi vyake.
4. Mtu wa kituo anausoma, anauendesha, anakagua matokeo kwa kanuni za Kufuli.
5. Kinachotoka ni makadirio, kosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika wa makadirio) na idadi ya watu. Basi.
6. Muunganisho unampa kila kituo uzito wa 1 gawanya kwa kosa sanifu lililopigwa kipeo cha pili.

Data bandia zitengenezwe kutokana na kamusi, si kutokana na data halisi. Vifurushi kama synthpop hujifunza kutoka rekodi za kweli, na katika sampuli ndogo vinaweza kutema mtu anayefanana mno na aliyepo. Halafu zichafueni makusudi: thamani zilizokosekana, tarehe za kesho, mtu aliyejirudia mara mbili. Msimbo unaopita kwenye data safi tu utaanguka kwenye kituo cha kwanza.

Yanayoangusha uendeshaji ni madogo madogo. Kituo kisicho na mtu hata mmoja wa kundi fulani hutoa modeli yenye safuwima pungufu, na muunganisho unachanganya makadirio yasiyo ya kitu kimoja. Tangazeni makundi yote ndani ya msimbo, msiyaache yasomwe kutoka kwenye data. Kompyuta inayotumia mkato mahali pa nukta ya desimali hugeuza 3,5 kuwa maandishi. Na kusawazisha umri kwa wastani wa kituo badala ya thamani moja iliyokubaliwa hufanya namba ya kuanzia ya modeli iwe na maana tofauti kila mahali.

Na git, programu inayotunza kila toleo la mafaili. Daftari la uchanganuzi hubeba matokeo ndani yake: mistari 10 ya mwanzo ya jedwali la wagonjwa inaweza kupanda hazinani bila mtu kukusudia. Wekeni nbstripout, inayofuta matokeo hayo, na kizuizi kinachokataa faili lolote la csv, xlsx, sav au rds kabla ya kuhifadhiwa. Likishapanda, kulifuta kwa toleo jipya hakusaidii, limebaki kwenye historia. Kuna git filter-repo ya kusafisha historia, lakini nakala zilizokwisha kuchukuliwa na wengine haziguswi. Hilo mlichukulie kama uvujaji na mliripoti kama uvujaji.

---

Sauti_Yetu

Wakuu mmeongea vizuri juu ya mafaili. Turudi kwa watu.

Wanaoishi na maradhi wasiitwe mwishoni "kutoa maoni". Wawe wawili angalau katika kundi linalochagua swali, wenye kura sawa na maprofesa, na walipwe kwa saa zao kama mshauri mwingine. Mmoja peke yake kwenye meza ya wataalamu 10 atanyamaza. Nyaraka zifike siku 7 kabla, kwa lugha anayoitumia. Kamera iwe hiari. Mtu akikosa vikao kwa sababu ya kuumwa, kiti chake kisigawiwe. Mambo haya hubadilisha utafiti wenyewe: watafiti hupenda kuuliza alama imeshuka kwa kiasi gani, wagonjwa huuliza kama wataweza kulala, kurudi kazini, au kuacha dawa inayowanenepesha.

Ridhaa igawanywe: kutumika katika utafiti huu, kutumika katika tafiti zijazo za afya ya akili, kuwasiliana naye tena. Visanduku vitatu, kila kimoja peke yake. Na aambiwe ukweli kuhusu kujitoa: rekodi zake zitaondolewa katika uchanganuzi unaofuata, ila matokeo yaliyokwisha kuchapishwa hayarudi nyuma.

Sasa swali la 9 la PHQ-9, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Yeyote anayelikusanya lazima ajue nani analisoma, ndani ya muda gani, na anafanya nini. Likijazwa Ijumaa jioni na kufunguliwa Jumatatu, mmemuuliza mtu kama anataka kufa halafu mkaenda nyumbani. Kliniki: anayekusanya aangalie jibu kabla mhojiwa hajatoka. Mtandaoni bila utambulisho: hamwezi kumfuata, kwa hiyo ukurasa unaofuata uonyeshe msaada wa haraka papo hapo, kwa kila anayejaza na si kwa aliyejibu ndiyo pekee, na fomu iseme tangu mwanzo kwamba hakuna anayefuatilia majibu kwa wakati huo.

---

Safuwima

@Sauti_Yetu naongezea: kituo kisichoweza kutimiza hayo kitumie PHQ-8, ambayo imeondoa swali hilo. Jumla ni 0 hadi 24 na mpaka wa 10 unabaki. Wenye PHQ-9 wanaweza kuhesabu PHQ-8 kutoka maswali yao 8 ya mwanzo, hivyo vituo vyote vinalingana.

---

Sauti_Yetu

Nakubali kwa vituo vya mtandaoni. Kwa kliniki sikubali. Kuondoa swali ili kukwepa wajibu ni kumwacha mgonjwa na wazo hilo peke yake, wakati aliyekaa mbele yake angeweza kusaidia.

---

Safuwima

Basi kamusi iseme hivyo: kliniki PHQ-9 pamoja na utaratibu wa usalama ulioandikwa na kujaribiwa, mtandaoni PHQ-8. Uchanganuzi wa pamoja utumie maswali 8.

Na lugha, kabla hatujasahau. Kutafsiri na kurudisha tafsiri hakumalizi kazi. Mhojiwe mtu mmoja mmoja akieleza kwa maneno yake anavyoelewa kila swali. "Kujisikia vibaya juu yako mwenyewe" kuna watakaosikia ugonjwa wa mwili. Kisha mpime ulinganifu wa kipimo kati ya lugha kwa ngazi: muundo (maswali yanapima kitu kilekile), mizigo (nguvu ya uhusiano wa kila swali na kitu hicho), vizingiti (kiwango ambacho mtu huhama kutoka jibu moja hadi jingine). Vizingiti vikigoma, msilinganishe wastani wa kituo na kituo. Mizigo ikiwa sawa, uhusiano ndani ya kila kituo bado unaweza kuunganishwa, na swali la Mizani la usingizi ni la aina hiyo.

---

Kikao

Upande wa uendeshaji, kwa kifupi kidogo.

Leseni: msimbo MIT au Apache 2.0, maandishi na kamusi CC BY 4.0. Hazina isiyo na leseni si ya wazi, maana kisheria hakuna anayeruhusiwa kuitumia. Data zenyewe haziendi na leseni hizi, zina mkataba wa matumizi kwa kila kituo. Anzeni na mkataba huo na maombi ya kamati za maadili siku ya kwanza, kwa kuwa ndivyo vinavyochukua miezi. Kila toleo lihifadhiwe Zenodo, hazina ya mtandaoni ya kazi za utafiti, lipate DOI (kitambulisho cha kudumu), ili makala itaje toleo lilelile lililotumika.

Uandishi wa makala ndio unaovunja urafiki. Tumieni CRediT, orodha ya majukumu ya wachangiaji wa makala yenye majukumu 14, na kila mtu ajaze yake kabla ya uchanganuzi kuendeshwa, pamoja na namba yake ya ORCID (kitambulisho cha mtafiti). Karani aliyesafisha data miezi 4, mtafsiri, na mgonjwa aliyebadilisha swali waonekane humo. Mkisubiri rasimu ya mwisho, mwenye cheo atakumbuka kazi yake na mdogo atasahauliwa.

Kila hazina iwe na wasimamizi 2, asiwepo mmoja mwenye funguo zote. Malalamiko yapokelewe na watu 2 wasio wa taasisi moja, kwani huenda anayelalamikiwa ndiye mpokeaji. Mchangiaji mpya ajibiwe ndani ya saa 72 hata kama jibu ni "tumeona, tutasoma wiki ijayo". Ukimya wa wiki tatu humfukuza mtu kuliko ukosoaji mkali. Kazi za kuanzia ziwe za kweli: kuhakiki safuwima 5 za kamusi, kuandika jaribio moja la msimbo. Vikao kila wiki 2, dakika 45, saa zizunguke ili usiku usimwangukie mtu yuleyule.

---

Jedwali_la_Pili

Nimeelewa, asanteni. La mwisho: vituo vikiwa 3 na kimoja kikatoa jibu kinyume na viwili, kinaondolewa?

---

Mwendo_wa_Msimbo

Hapana. Kwanza rudi kwenye kamusi: alama zimegeuzwa? Wiki 12 zao ni 12? Washiriki ni waliolazwa au wa nje? Kasoro ikipatikana, irekebishwe na iandikwe katika kumbukumbu. Isipopatikana, kituo kinabaki. Kwa vituo 3 makadirio ya tofauti kati ya vituo hayashikiki vizuri, kwa hiyo onyesheni kila kituo kwa mstari wake na namba ya pamoja chini yake, msijifiche nyuma ya wastani mmoja. Kanuni ya kuondoa kituo, kama ipo, iwe imeandikwa kwenye hatua ya 1.

---

Mizani (mleta uzi)

Nimeyaingiza yote kwenye mpango. Mabadiliko: mwezi wa 1 na wa 2 ni mkataba, maadili, kundi la kuchagua swali likiwa na watu wawili wanaoishi na maradhi, na kamusi toleo 0.1. Mwezi wa 3 msimbo wa ukaguzi na data bandia chafu. Mwezi wa 4 kila kituo kinaendesha ukaguzi tu, bila modeli, na kurudisha idadi ya makosa kwa kila safuwima. Modeli ni mwezi wa 5, na wa 6 ni kuandika.

Kama mwezi wa 4 kuna kituo ambacho kamusi inakataa zaidi ya nusu ya safuwima zake, tunasimama hapo na kumpeleka mtu akae na karani wa kituo hicho, faili kwa faili. Anayeweza kuanza na safuwima za usingizi kwenye kamusi aandike hapa chini ni lugha gani anazimudu.